L ya Kulia

Raba mpya ya bei rahisi ina harufu yake. Siyo harufu ya raba. Ni kama tairi limechomwa likachanganywa na samli iliyoharibika, na ukifungua boksi lake asubuhi, hata chai ya saa nne utainywa ikiwa na harufu hiyo. Wiki iliyopita kijana mmoja mwanasheria aliniletea boksi la namna hiyo dukani kwangu Igogo, hapa Mwanza. Amenunua gari la zamani, lenye umri wa kumzaa yeye, anataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, na raba za milango ameziagiza kwa simu.

"Shikamoo mama. Hizi ni zile zile za mwanzo, wamezitengeneza upya," akaniambia.

Nikaivuta moja. Ilikuwa fupi kwa vidole vinne na kona yake imekunjamana kama sikio la mbuzi. Nikamwambia, mwanangu, huyu aliyetengeneza hii alisimuliwa mlango, hakuuona.

Tulishinda uani siku mbili na zile raba. Ukiivuta ifike mwisho, kesho yake imerudi ilikotoka. Ukiiacha ilivyo, mlango hauzibi. Ukiongeza unene, mlango haufungi, unaubamiza mpaka jirani anatoka kuuliza kuna nini. Mimi nimeuza vipuri zaidi ya miaka thelathini. Sina cheti cha chochote, shule niliiacha darasa la nne, lakini duka ni langu, jengo ni langu, na watoto wanne nimewasomesha mpaka wakanizidi maneno. Nikisema raba ni mbaya, basi ni mbaya. Ila siku ile, nikiwa nimepiga magoti kwenye changarawe na kisu cha kukwangua gundi mkononi, harufu ile ilinikamata nikasahau hata kumgombeza kijana wa watu. Ilinirudisha Magu, nyumbani kwa Baba, wiki ya harusi ya dada yangu Kabula.

Kuna jambo la wiki ile ambalo sijamwambia mtu yeyote wa ukoo wetu. Nawaambia ninyi kwanza kwa sababu ninyi hamwezi kunikatiza.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni unaipanga, sukari unaipanga, na kipuri cha gari ukikipata unakifunika nguo njiani watu wasikione. Baba alikuwa na gari la Kifaransa, stesheni wagoni ya rangi ya maziwa, alilouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Padri alilitumia mpaka likachoka, Baba akalitumia likiwa limechoka. Lilibeba pamba, lilibeba wagonjwa, lilibeba mbuzi, na Jumamosi lilioshwa likabeba maharusi. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Raba za milango zilikuwa zimekauka na kumomonyoka, zimebaki vipande vipande kama ugali wa jana, na barabara ya Magu kwenda Mwanza wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Ukipanda umevaa nyeupe, unashuka umevaa kaki.

Mwaka mmoja kabla, binti wa jirani yetu alipandishwa gari lile akiwa na shela nyeupe, akashuka mlangoni pa kanisa ana rangi ya tofali. Watu walicheka, na jina likamganda. Leo ni bibi mzee, ana wajukuu, na Magu nzima bado inamwita Mama Tofali.

Sasa Kabula alikuwa anaolewa na kijana wa Kihaya, karani, mtu wa shule, ukoo wa watu wa shule. Walipokuja kujitambulisha, shangazi wa bwana harusi alitoa kitambaa chake mkobani, akafuta kiti chetu kabla ya kukikalia. Alifuta tu, akaangalia kitambaa, akakikunja, akakaa. Mama alijifanya hakuona. Kabula aliona. Wageni walipoondoka alimfuata Baba nyuma ya nyumba, mimi nilikuwa hapo natwanga karanga, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba, nikifika kanisani kule Mwanza na vumbi, sishuki kwenye gari. Mtafunga ndoa na mtu mwingine."

Baba alimjua binti yake. Kesho yake alikwenda Mwanza kutafuta raba.

Raba halisi hazikuwepo, si Mwanza, si kwingine. Lakini Mzee Ochola, Mjaluo aliyekuwa na duka la vipuri karibu na ziwa, alikuwa amepokea boksi kutoka ng'ambo ya maji, raba zilizotengenezwa na watu wa karakana kwa kuiga za kiwandani. Baba alirudi nazo zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, akazimwaga uani. Nne, nyeusi, zimejikunja kama nyoka waliokula wakashiba. Harufu yake ilifukuza kuku.

Baba mdogo Shija, mdogo wake Baba, mtu asiyejua kunyamaza, aliziangalia akasema, "Kaka, hizi umeuziwa au umetupiwa?"

"Shika bisibisi, acha mdomo," Baba akamjibu.

Walikwangua gundi ya zamani kwa kisu, wakasugua kwa mafuta ya taa, wakapiga msasa mpaka bati likang'aa. Kazi ya raba ni hiyo, nusu yake ni kusafisha, na anayekwambia vinginevyo hajawahi kuifunga. Ikaja zamu ya kujua ipi ni ya wapi. Ndefu zilikuwa mbili, hizo za milango ya mbele, na fupi mbili za nyuma, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ya upande huu na ya upande ule zilifanana kwa kutazama, na karakana ile ilikuwa imepiga muhuri mdogo kwenye kila raba, herufi moja moja.

Baba hakujua kusoma. Shija alijua kusoma namba tu. Kwa hiyo nikaitwa mimi, Minza, umri miaka tisa, darasa la tatu, wa kwanza katika kusoma kwa sauti, na nilikuwa najiona.

"Mayu, njoo usome hapa," Baba akaniambia. Alipenda kuniita hivyo, kama vile mimi ni mama yake.

Nikaishika raba, nikaigeuza, nikakohoa kidogo kama mwalimu. "Hii ni L. La, le, li, lo, lu."

"Maana yake?"

Nikafikiri. Nikajitamkia mdomoni, kushoto, kulia. Kushoto haina L hata ukiitafuta na taa. "L ni ya kulia, Baba. Ku-li-a. Sikia hiyo li."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni R. Ra, re, ri, ro, ru."

Shija akaingilia. "Kushoto ina ra?"

"Haina."

"Sasa inakuwaje ya kushoto?"

"Si ndiyo iliyobaki, baba mdogo?"

Baba alinitazama kwa uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote akinitazama, na nimesifiwa na watu wakubwa. Akamwambia mdogo wake, "Umeona faida ya shule?"

Wewe msomaji umeshaona kosa. Umesoma, umekwenda mjini, unajua herufi zile ni za Kiingereza na kwa Kiingereza mambo ni kinyume. Mimi sikuona. Uani pale hakukuwa na mtu wa kuona. Kwa Kiswahili chetu mantiki yangu ilikuwa imenyooka kabisa.

Basi raba za kushoto zikafungwa kulia, na za kulia zikafungwa kushoto. Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kona ya raba ilipotakiwa kukunja mbele, yenyewe ilikunja nyuma. Ule mdomo wake laini unaotakiwa kutazama nje uzuie vumbi, ulitazama ndani kama unataka kumlamba abiria. Baba akaigeuza, ikapinda. Akaigeuza tena, ikachomoka na kumpiga shavuni. Mchana kutwa nilimsikia akiongea na raba kama mtu anayegombana na ng'ombe aliyekataa kuvuka. "Kaa. Nimesema kaa. Kwa nini hukai?"

Siku ya pili akachukua kisu akazikata kona. Akaziunga upya kwa gundi ya fundi viatu, na palipobaki matundu akajaza vipande vya tyubu ya baiskeli. Kila akikata alikuwa anamtaja Ochola. Ochola mwizi. Ochola ameniuzia utumbo wa ng'ombe. Mimi nami niliitikia, "Ndiyo Baba, mwizi huyo," nikiwa nimemshikia kopo la gundi.

Kisha majaribio. Waliniweka ndani ya gari nikiwa na kitambaa cheupe cha Mama, wakafunga milango yote, Shija akawa anachota vumbi kwa jembe na kulirusha kwenye milango, Baba anazunguka na kuniuliza kupitia kioo.

"Mayu, unaona nini?"

"Namwona mbuzi, Baba."

"Mbuzi yuko nje, utamwonaje?"

"Hapa chini kwenye kona. Namwona miguu."

Baba anaongeza tyubu, anaongeza gundi. "Na sasa?"

"Sasa namwona kwato tu."

Na kitambaa cha Mama kilikuwa na rangi ya mchanga. Kabula alisimama mlangoni pa jiko, mikono kifuani, anatazama. Alisimama hivyo siku zote tatu. Ilibaki siku moja, na kwato za mbuzi bado zinaonekana.

Asubuhi ya harusi, jua halijawa kali, Kabula alitoka ndani amevaa gauni la kuazima. Sitaeleza uzuri wake, nitaonekana nampamba dada yangu. Aliingia kiti cha nyuma na msimamizi wake, mimi nikawekwa buti pamoja na mkeka na chungu cha zawadi. Baba alizunguka gari mara mbili, akitazama kila mlango. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linanifanya nishike kichwa. Alichukua kopo la gundi ya viatu, akapaka mkono wa mwisho kuzunguka raba za milango yote minne, mnene, kama mtu anayepaka siagi ya bure, akaifunga na kuisukuma kwa bega mmoja baada ya mwingine. Mlango wake wa dereva aliupaka akiwa ameshakaa. Mlango wa buti hakuupaka, gundi ilikuwa imekwisha. Huo aliuziba kwa matambara, Shija akaufunga kamba kwa nje.

"Sasa vumbi lije," Baba akasema.

Lilikuja. Magu mpaka Mwanza tulitembea ndani ya wingu, na ndani ya gari hakukuingia hata chembe. Kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya gundi, msimamizi alikuwa anapepea kwa kitabu cha nyimbo huku macho yanamtoka machozi, lakini gauni lilikuwa jeupe. Kabula alianza kutabasamu tulipouona mji na mawe yake. Alinyoosha mkono akamgusa Baba begani. Nawaambia, Baba alikaa wima kwenye usukani kama anamwendesha rais.

Tukafika. Kengele, vigelegele, watu wa bwana harusi wamejipanga kwenye ngazi, shangazi yule mbele kabisa na mkoba wake. Baba akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akasukuma kwa bega. Kimya. Msimamizi akajaribu wa kwake, Kabula akajaribu wa kwake. Jua la njia nzima lilikuwa limeipika ile gundi, na raba, bati na tyubu ya baiskeli vilikuwa kitu kimoja.

Baba alipitia dirishani. Mzee mzima na suti yake, kichwa kwanza, akaangukia mikono. Shija, aliyekuwa amefika na lori la ndugu, akakimbia na bisibisi, wakavuta milango kutoka nje mpaka gari likawa linayumba na bibi harusi ndani yake. Umati ukaanza kusogea. Mtu akasema, "Wamemfungia kabisa, wanaogopa asikimbie." Kicheko kikapita. Padri akachungulia kutoka ndani, akarudi, akachungulia tena.

Dirishani gauni lisingepita. Kilichobaki ni nyuma. Shija akakata kamba, akafungua buti, nikatolewa mimi, ukatolewa mkeka, kikatolewa chungu. Halafu Kabula akavuka mgongo wa kiti, akatambaa juu ya bati ambapo mbuzi walikuwa wanalala, na akatolewa miguu mbele, kaka wawili wameshika huku na wawili kule. Nilimsikia shangazi vizuri kabisa.

"Waitu, jamani, Wasukuma hawa," akasema, "hata binti wanampakua kama robota la pamba."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka ziwani. Kabula alisimama, akashusha gauni. Halikuwa na doa. Lakini uso wake, ndugu zangu, ulikuwa umefungwa kuliko ile milango. Alipita mbele ya Baba bila kumtazama, akaingia kanisani ameshika mkono wa Shija.

Jumatatu Baba alinichukua twende kwa Ochola. Milango alikuwa ameibandua kwa patasi, raba zilizochanika ziko kwenye gunia. Nilibaki ndani ya gari. Nilimsikia akiingia dukani na sauti yake yote: mwizi, muuaji wa watu, umeniaibisha mimi na binti yangu. Kisha nikasikia sauti ya Ochola, ya polepole, "Omera, ndugu yangu, hebu tulia kwanza. Lete hapa nione. Hii ulifunga upande gani?" Nikasikia gunia likimwagwa. Kisha Ochola akacheka, kicheko kirefu, cha mtu anayetafuta pa kushika. Baba alitoka bila gunia.

"Amesema nini, Baba?"

Akawasha gari. "Amekubali. Raba ni mbovu."

Nami nikaamini. Niliamini nikakua, nikaolewa, nikaanza biashara kwa meza moja ya taa na vioo vya pembeni, na neno langu la kwanza kwa kila mteja lilikuwa kwamba baba yangu aliaibishwa na raba za kuiga. Kabula hakuongea na Baba mwaka mzima. Walipopatana, alibaki na ile hadithi. Kila sikukuu aliisimulia, Baba mbishi, Baba asiyeambilika, Baba na kopo lake la gundi, na watoto wanacheka, na Baba yupo pale pale anakula. Shija ndiye aliyempa jina la Mzee Gundi. Alizeeka nalo.

Siku moja, meza yangu ikiwa bado changa, mtu alikuja na karatasi ya fundi: taa ya nyuma, L. Nikampa ya kulia. Akairudisha. Nikamtukana, nikamwambia hajui kusoma. Alikuja fundi mwenyewe, akasimama mbele ya meza yangu na watu wanasikia. "Mama, L ni kushoto. Kiingereza hicho." Alipoondoka nilikaa juu ya boksi la betri. Sikuwa nafikiria taa.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Magu. Baba alikuwa amekaa kivulini pa nyumba anabangua karanga. Nilimsalimu, nikakaa, nikasema kabla sijaghairi.

"Baba, zile raba. L ni kushoto."

Hakuacha kubangua. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile. Ochola alicheka mpaka akakaa chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Kabula alikuwa ameshatolewa kwa nyuma."

"Basi mbona hukumwambia yeye?"

Alipuliza maganda. "Wewe hukumwona alivyokuwa na hasira. Mimi ni mtu mzima, nilizibeba. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mayu, na ulikuwa unampenda sana dada yako."

Mnategemea niseme nililia. Sikulia, nilikasirika. Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi. Nani alimwomba? Kwa kunihurumia aliniacha na ujinga wangu miaka yote, nikaujengea biashara, nikautukania watu. Na yeye akakaa anachekwa, na mimi nikicheka pamoja nao, tena kwa sauti. Utotoni nilidhani mtu mzima akikosea anatafuta wa kumlaumu, kwa sababu ndivyo nilivyomwona akimtaja Ochola siku tatu mfululizo. Sikujua kwamba Jumatatu ile alikuwa ameshampata wa kumlaumu, ameketi garini anamsubiri, na aliamua kuwasha gari.

Aliniomba jambo moja, nisimwambie Kabula yeye akiwa hai. Nilikubali. Kisha akafa, na msibani, siku ya tatu, Kabula akasimama akaisimulia tena ile hadithi, watu wakacheka na machozi yao, na mimi nikaangalia miguu yangu. Hapo hapakuwa na ahadi iliyonizuia. Ulikuwa woga tu, na umenikaa mpaka nimekuwa bibi.

Dada Kabula, wajukuu watakusomea hii, macho yako hayaoni tena maandishi madogo. Waache wamalize, usiwakatize. Gundi ilikuwa akili ya Baba, hiyo siwezi kumtetea. Lakini upande nilimwambia mimi. Baba alifunga kama alivyosomewa.